Sungura Aliyepona

Koti langu la kwanza jeupe la kazi alinishonea dada yangu, kwa kitambaa cha shuka alichonunua dukani kwa Mhindi karibu na soko. Alilishona kubwa makusudi. Alisema mtu wa maabara hapaswi kubanwa kwapani, na tena huenda ningenenepa, jambo ambalo halijatokea mpaka leo. Kila Jumapili jioni alilipiga pasi ya makaa, akalitundika kwenye msumari wa chumba cha mbele, ili kila mgeni aliyeingia kwetu Majengo alione kabla hajaketi. Mama alijifanya kushangaa wakiliangalia. "Ah, hiyo koti? Ni ya huyu kijana. Ati siku hizi yuko na madaktari."

Sikuwa na madaktari. Nilikuwa na sungura.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Wazungu wengi walikuwa wameondoka maofisini, na kijana aliyemaliza shule na kuweza kusoma kipimo bila kubabaika hakukosa pa kushika. Mimi nilishika kituo kimoja cha utafiti wa mifugo nje ya mji wa Nyeri, mabanda marefu ya mabati yaliyozungukwa na mikaratusi. Mkubwa wetu alikuwa daktari wa mifugo, mwenyeji wa huku huku mlimani, aliyesomea ng'ambo na kurudi na tai nyembamba na haraka nyingi. Alikuwa mtu mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitakayosimulia yanaweza kumfanya aonekane mbaya, na aibu ninayoizungumzia ni yangu.

Hangaiko lake lilikuwa hili. Siku zile aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa alidungwa sindano tumboni, siku baada ya siku, na dawa yenyewe ilitengenezwa kwa ubongo wa kondoo. Iliokoa watu wengi. Kichaa cha mbwa hakina mjadala, kikishapanda kichwani ni kaburi tu. Lakini mmoja mmoja, wachache sana, waliponea kwa mbwa wakaangushwa na sindano. Walishikwa na homa, miguu ikafa ganzi, na wengine hawakuinuka tena. Daktari alinieleza siku ya kwanza, nami nikaelewa kwa namna yangu. Mwili umefundishwa kuupiga ubongo wa kondoo, halafu unauona ubongo wa mwenyewe, umefanana na ule, unaupiga nao. Ni kama mlinzi aliyelewa akamshukia mwenye nyumba kwa rungu.

Kwa hiyo kazi yetu, nikiisema bila kuzungukazunguka, ilikuwa kuwalemaza sungura kisha kutafuta cha kuwainua. Tulisaga uboho wa uti wa mgongo wa kondoo, tukauchanganya na mafuta na vijidudu vya kifua kikuu vilivyokwisha kuuawa, tukamdunga sungura. Baada ya majuma mawili matatu miguu yake ya nyuma ilianza kulegea. Hapo wengine tuliwapa dawa, wengine maji matupu, tukangoja kuona nani atasimama. Sakafu ya saruji iliwatelezesha, basi tulitandika magunia ya kahawa kwenye njia ya katikati ya vizimba, moja mbele ya jingine, tukamweka sungura mwanzo wa magunia na jani la kabeji mwisho wake. Namna alivyolifuata lile jani ndiyo tuliyoipa alama. Sifuri ni mzima. Moja amelegea. Mbili anaburuta miguu. Tatu hainuki. Nne amekufa.

Niliipenda kazi ile, na sitajitia usafi sasa kwa kusema vingine. Daktari aliniambia, "Wewe uko na mkono mzuri. Ati hata sungura hajui amedungwa," nami nikavimba kichwa juma zima. Asubuhi nikimkuta sungura ambaye jana alikuwa anaruka na leo anaburuta miguu, nilifurahi, maana yake nilikuwa nimechanganya vizuri. Nilipiga mluzi nikienda kumwita Daktari.

Uboho wa kondoo tuliupata kwa baba. Baba alikuwa mchinjaji wa mji. Kule kwetu nyama ya buchani huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale bila wasiwasi, wa msikitini na wa kanisani, na kwa miaka mingi Mwislamu huyo alikuwa yeye. Watu walimheshimu kwa mkono wake. Kisu hakukinoa mbele ya mnyama, alikificha nyuma ya aproni mpaka dakika ya mwisho. Wala hakumchinja mmoja huku mwingine akitazama. Vijana wa kichinjio waliokuwa na haraka walipoleta kondoo wawili kwa pamoja, aliwakemea kwa sauti ya chini, sauti moja ile ile tuliyoizoea tangu utoto: "Mwondoe huyo. Anaona." Alimgeuza aliyebaki, akamtuliza kwa kiganja, akataja jina la Mungu, na ikawa imekwisha.

Kila Alhamisi aliniwekea uboho ndani ya gazeti na kunikabidhi mkononi, akifikiri unakwenda kutengeneza dawa. Ningemwacha afikiri hivyo. Lakini mimi nilikuwa na kinywa. Jioni moja tukila ugali nilianza kusimulia kazi yetu, alama zetu, gunia letu, mpaka nikaiga kwa mikono jinsi sungura wa alama mbili anavyojivuta. Dada alicheka. Baba aliacha kula.

"Kwa hiyo kile ninachokupa ndicho kinachowalemaza?"

"Ndiyo, baba. Lakini ndiyo njia ya kuipata dawa."

"Na anakaa hivyo siku ngapi?"

"Inategemea."

"Mbele ya wenzake?"

Nikacheka. Namwona kijana yule mpaka sasa, tonge mkononi, anamcheka mchinjaji wa mji mzima. "Baba, sungura anajua nini?"

Baba alinawa mikono. Hakuniambia niache kazi, wala hakuacha kutoa uboho, kwa sababu alikuwa ametoa ahadi. Ila Alhamisi iliyofuata hakunipa mkononi. Aliuweka juu ya ukuta wa kichinjio na kurudi ndani, na mimi nikauchukua pale ukutani huku wale vijana wakinitazama. Ikawa ndivyo kuanzia siku ile.

Katika yote niliyosimulia, dada alipenda habari za sungura mmoja wa kijivu mwenye sikio lililochanika. Yule alikuwa amefika tatu. Tulimpa vidonge tulivyokuwa tukijaribu, vya kuutuliza mwili ili uache kujipiga, na sikumtarajia kitu. Baada ya siku chache akainua kichwa. Halafu akajikokota. Halafu asubuhi moja akatembea gunia zima, kombokombo lakini kwa miguu yake mwenyewe, akalifikia jani la kabeji na kulitafuna huku ametukazia macho kana kwamba sisi ndio tumechelewa. Daktari alipiga makofi. Jioni nilipomsimulia dada, pini zilikuwa mdomoni mwake, nusura azimeze kwa kicheko.

"Huyo ni wangu," alisema. "Kesho mwambie namsalimia."

Basi ikawa desturi. Nikiingia nyumbani yeye anauliza, bila kuondoa macho kwenye mshono, "Wa kijivu hajambo?" Nami najibu, "Hajambo, anakusalimu."

Siku mbili za kwanza ilikuwa kweli. Siku ya tatu Daktari alisema sasa tumtazame ubongo. Waliopona ndio aliotaka kuwatazama zaidi ya wote, aone kama uvimbe umetulia, na hakuna njia ya kuutazama ubongo wa sungura akabaki sungura. Nilimshikilia mimi. Mkono mzuri. Vizimba vilikuwa pande zote mbili, na wenzake, kama baba angetaka kujua, walikuwa wakitazama. Jioni dada akauliza, "Wa kijivu hajambo?" Nilikuwa nimechoka, na kicheko chake nilikitaka. Nikasema hajambo.

Baada ya hapo ingekuwa ajabu kusema vingine. Uongo mdogo wa nyumbani haukuhitaji akili nyingi, ulinitaka niseme neno moja tu kila jioni.

Sasa nieleze kidogo habari za dada yangu. Alinizidi kwa miaka mingi na ndiye aliyenibeba mgongoni. Aliolewa Karatina, akaachika, akarudi na kitu kimoja tu alichokataa kukiacha kule, cherehani yake ya kukanyaga. Kwa cherehani ile alinisomesha. Siku za soko alikwenda Kiriaini, kwa watu wa upande wa mama, kuuza magauni ya watoto aliyoyashona, na huko Kiriaini ndiko alikoumwa na mbwa. Mbwa mwenyewe hakuwa wa mtu. Alitokea nyuma ya vibanda, mate yanamtiririka, akamng'ata muundi na kuendelea na safari yake mpaka watu walipomwua kwa mawe.

Mimi ndiye niliyemsukuma aende hospitali kudungwa, na ningemsukuma tena leo. Alikwenda kila siku, akarudi ameshika tumbo, akakaa kwenye cherehani ameinamia upande. Alilalamika kidogo tu. Alisema ameanza kuwaonea huruma sungura wangu.

Asubuhi moja, sindano zikiwa zimekwisha, mama aliniita kutoka uani na sauti yake ikatosha. Dada alikuwa ameketi sakafuni kando ya cherehani, miguu imenyooka mbele yake kama si yake. Alikuwa ameamka na homa na kichwa kikimgonga, akajikaza, akajitahidi kushona. Cherehani ilipokataa kwenda alidhani imeharibika. Aliinama kutazama mkanda, akaanguka.

Sikumpa pole. Wala sikumuuliza anaumwa wapi. Nilipiga magoti nikambana kidole gumba cha mguu kwa ukucha, nikampitishia mpini wa kijiko chini ya wayo. Kisha nikaenda nyuma yake, nikamshika kwapani, nikamwinua juu nione kama miguu itasukuma sakafu. Hivyo ndivyo tulivyowainua kazini. Nikamsogeza mbele na miguu ikaburutika.

"Mbili," nilisema.

"Mbili nini?" mama aliuliza.

Dada ndiye aliyejibu, angali ananing'inia mikononi mwangu. "Ni alama, mama. Nne ni kufa."

Nimewahi kuaibika mbele ya watu wengi, mara nyingine kwa makosa makubwa kuliko lile. Lakini nikiamka sasa na kujisikia uso umenishika moto bila sababu, nikitafuta sababu huwa ni ile, uzito wa dada yangu kwapani na neno lile limenitoka kwa sauti ya kazini. Nilimweka chini polepole. Mama alimfunika miguu kwa leso, na hakuifunika kwa ajili ya baridi. Aliifunika nisiione.

Nilikimbia mpaka kituoni. Daktari aliponisikiliza macho yalimwaka, halafu akaona uso wangu, akayashusha. Hilo namshukuru. Tulimpeleka dada hospitali, naye Daktari akazungumza na daktari wa pale kwa muda mrefu. Vile vidonge vya sungura havikuwa kitu kigeni, hospitali ilikuwa navyo kwa magonjwa mengine, ila hapo hakuna aliyewahi kumpa mtu kwa ugonjwa huu. Yule wa hospitali alikubali, lakini alitaka neno la wenyewe nyumbani.

Tulikutana kando ya kitanda cha dada. Kufikia jioni ile alikuwa ameingia tatu, na safari hii sikutamka. Daktari alieleza kwa upole. "Sisi tumejaribu kwa sungura, mzee. Si wote walipona. Lakini kuna wale walisimama kabisa. Kwa mtu, siwezi kudanganya, hatujui."

Mama akasema, "Huyu si sungura."

Baba hakumtazama Daktari, alinitazama mimi. "Sindano alizodungwa hapa, nazo ni za ubongo wa kondoo?"

"Ndiyo, baba."

Aliitazama mikono yake iliyolala mapajani. Nadhani alikuwa anawaza Alhamisi zake zote. Nilitamani aseme kitu kikali ili na mimi nipate cha kujitetea.

Dada ndiye aliyekata shauri. Alisema kwa sauti iliyochoka, "Nipeni hivyo vidonge. Wa kijivu alifika tatu na alisimama. Kama yeye alisimama na mimi nitasimama." Akanigeukia. "Si ndiyo? Bado yuko?"

Wote wakanitazama, hata Daktari, ambaye hakujua anazungumziwa nani. Dada alikuwa amelala hajiwezi kuanzia kiunoni, na hakuwa na kitu kingine cha kushika duniani ila sungura yule.

"Yuko," nilisema. "Anakusalimu."

Alimeza vidonge. Tulingoja. Hatukuwa na jambo jingine nyumbani isipokuwa kungoja. Mama hakupika kitu cha maana, baba alitoka kichinjioni akaenda moja kwa moja hospitali na damu kwenye viatu, na cherehani ilikaa imefunikwa. Kila asubuhi kituoni Daktari aliniuliza mlangoni, "Dada yako ni ngapi leo?" Nami nilimpa namba. Nilichukia swali lile na nililijibu kila siku, tena kwa usahihi, na siku niliyoweza kusema "mbili" kwa mara ya pili, yaani alikuwa anarudi, nilijikuta nakaribia kupiga mluzi.

Alirudi. Kwanza vidole, kisha goti, kisha akasimama ameshika kitanda huku wagonjwa wa wodi nzima wakimshangilia kwa Kikuyu na Kiswahili. Hatujui kwa hakika kama vilikuwa vidonge. Daktari mwenyewe alisema wengine huinuka bila kitu. Alitoka hospitali na fimbo, mguu wa kushoto ukichelewa nyuma kidogo, na siku alipokanyaga cherehani tena mama alikaa mlangoni akalia kwa sauti, majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Mlio wa cherehani ulikuwa umebadilika. Ulikwenda, ukasita, ukaenda. Hata hivyo ulikwenda.

Hapo ningemwambia. Hatari ilikuwa imepita. Lakini mtu akishaonekana mwema kwa muda mrefu huogopa kushuka, na jioni alipouliza habari za wa kijivu nilijibu kama kawaida.

Ndipo Daktari akaniita ofisini. Wageni walikuwa wanakuja, wakubwa kutoka Nairobi na wazungu wawili wa ng'ambo, na kituo kilihitaji kuonekana. "Mlete dada yako, watu wamwone. Ni dakika kidogo tu. By the way, kutakuwa na chai na mandazi. Atembee tu kidogo, basi." Nilikubali pale pale, kabla ya kumuuliza mwenyewe. Hata njiani sikuwaza kumuuliza, niliwaza jinsi ya kumwarifu.

Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Alishona gauni jipya la rangi ya samawati kwa ajili ya siku ile. Baba alisema atamsindikiza. Asubuhi yenyewe, tulipokuwa tukingoja gari la kituo, dada alifungua mkoba wake akanionyesha karoti, imeoshwa na kufungwa kwenye leso.

"Ya wa kijivu," alisema. "Siwezi kwenda kumwona mtu mikono mitupu."

Nilikuwa na njia nzima, kutoka Majengo mpaka kituoni, ya kusema neno. Nilitazama mikaratusi.

Wageni walikuwa wamejipanga kati ya vizimba, vikombe mikononi. Sijui ni nani aliyesema atembee pale. Hakuna aliyesema, nadhani. Magunia yalikuwa yametandikwa kwa ajili ya sungura watakaoonyeshwa baadaye, njia ndiyo hiyo moja, na mimi mwenyewe, kwa koti langu jeupe, nilimwonyesha dada kwa mkono aanzie wapi. Baba alibaki mlangoni, ameshika kofia yake.

Dada alinipa fimbo. Akatembea. Alikwenda juu ya magunia ya kahawa kwa gauni lake jipya, mguu wa kushoto ukifuata nyuma, na wale watu wakanyamaza kama tulivyokuwa tukinyamaza sisi. Mmoja wa wazungu aliinama kutazama miguu yake kwa karibu, akaniuliza mimi kama anahisi ganzi. Nikajibu. Akauliza kama anaweza kufanya kazi. Nikajibu. Majibu yote yalikuwa sahihi na hakuna hata moja lililopitia kwake, naye amesimama hapo. Sungura mwingine wa kawaida angeshafika kwenye kabeji.

Alipofika mwisho wa magunia walipiga makofi. Yeye hakuwatazama. Alikuwa anatazama vizimba, kimoja baada ya kingine, upande huu na upande ule, mkono umeingia kwenye mkoba. Kisha akanigeukia na kuuliza kwa sauti ya wazi, sauti ya mtu aliyealikwa mahali:

"Wa kijivu yuko wapi? Yule aliyepona?"

Mzungu akatabasamu, akataka kujua amesema nini. Daktari alinitazama. Wakubwa kutoka Nairobi walikisikia Kiswahili vizuri, lakini wao waliona swali la mama mmoja juu ya sungura, wakaendelea na chai yao. Nilimjibu mzungu kwamba anasema thenkyu.

Dada yangu hakusoma. Kiingereza hakujua. Lakini thenkyu, mtu wa mjini asiyeijua ni nani? Alinitazama, na niliona swali lake likipata jibu usoni mwangu, lote, tangu jioni ya kwanza. Halafu akatoa mkono kwenye mkoba, akawageukia wale wageni, akainamisha kichwa kidogo.

"Thenkyu," alisema.

Akaniokoa. Mpaka leo sijui kama ingekuwa rahisi zaidi kuvumilia iwapo angenitukana. Wageni waliguswa, wakapiga makofi tena. Daktari alimpa ishara mhudumu mwenzangu, naye akafungua kizimba na kumweka sungura wa alama mbili mwanzo wa magunia, wageni wapate kulinganisha, na dada yangu bado amesimama mwisho wake. Sungura akaanza kujivuta kuelekea kwake.

Ndipo baba alipozungumza kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. Alisema na mimi, kwa sauti ya kichinjio, sauti ya kuwakemea vijana wenye haraka.

"Mwondoe dada yako. Anaona."

Nilimshika mkono nikamtoa nje. Daktari alitufuata akisema gari litawarudisha baada ya chakula, wangoje kidogo. Baba alimshukuru akasema tutatembea. Ni mteremko, lakini si njia fupi kwa mtu mwenye mguu ule. Baba alitangulia mbele hatua nyingi, na nadhani alifanya hivyo ili tuzungumze.

Tulikwenda mpaka mikaratusi ilipokwisha.

"Lini?" dada aliuliza.

"Kabla hujaumwa na mbwa."

"Kabla?" Alisimama apumzike, akaegemea fimbo. "Kwa hiyo hospitalini, niliposema nitasimama kama yeye…"

"Alikuwa amekwisha kufa."

"Alikufa mwenyewe?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayepima kitambaa. "Lakini alisimama. Hilo hukunidanganya."

"Alisimama. Alitembea gunia lote."

"Ungeniambia," alisema. "Ningesimama tu."

Hakukasirika, au kama alikasirika alinificha, kama alivyonificha mengi mengine nilipokuwa mdogo. Alifungua mkoba, akaitoa karoti, akaifuta tena kwa leso ijapokuwa ilikuwa safi. Akanishika mkono, akaniwekea.

"Kula," alisema. "Hujala kitu tangu asubuhi."

Akaendelea na safari, fimbo, mguu, mguu. Nikamfuata nyuma na lile koti jeupe alilonishonea, nikiitafuna karoti ya wa kijivu kwenye barabara ya watu, mpaka ikaisha.